Usipande sukuma Januari hapa Kitengela (hata kama ni mimi nilikuambia)

Kuna ujumbe kwa simu yangu ambao nimeukwepa tangu Februari. Leo ni katikati ya Oktoba. Kila jioni mawingu yanajikusanya upande wa Lukenya, yanatutisha kidogo, halafu yanapotea. Najua wengi wenu mmeanza kuuliza, "Tupande sai ama tungoje?" Kabla sijawaambia kitu kingine chochote kuhusu bustani, wacha nimalizane na huo ujumbe.

Ulitoka kwa mama mmoja wa Yukos. Aliandika hivi: "Habari kijana wangu. Nilifuata ile video yako ya magunia. Nimenunua maji wiki tano. Leo nimeng'oa zote. Nilitaka tu kukuuliza, zako ziko aje?"

Zangu zilikuwa zimekufa wiki mbili kabla ya zake.

Sikumwambia hivyo. Nilimjibu "pole sana mum", nikaweka ile mikono miwili ya kuomba, nikaendelea na maisha. Video hiyo ndiyo iliyotazamwa zaidi kwa ukurasa wangu mwaka huu. Magunia manane, miche, mbolea ya boma, kokoto katikati, na mimi nikitabasamu nikisema kwamba ukiwa na shilingi mia tano hutanunua mboga tena. Kitu ambacho sikusema ni kwamba niliirekodi wiki ya kwanza ya Desemba, vuli ikiwa imetoka tu kunyesha, na nikaipandisha Januari kwa sababu Januari watu hawana pesa na kila mtu anataka kusikia habari ya kuokoa pesa. Zile sukuma mlizoona zimenona vile hazikuwa zimenyweshwa na mimi. Zilikuwa zimenyweshwa na Novemba.

Sasa tupige hesabu ambayo ningepiga mbele ya kamera kama ningekuwa mkweli.

Gunia moja lenye miche thelathini hivi, Januari au Februari ya Kitengela, linataka lita kumi kwa siku, na kuna siku hata hizo hazitoshi. Magunia manane ni lita themanini, yaani mitungi minne. Yule mama ananunua mtungi wa lita ishirini kwa bob ishirini. Hiyo ni shilingi 80 kwa siku. Sukuma ukiihamisha kutoka kitalu inataka kama wiki sita ndipo uanze kuchuma vizuri. Wiki sita ni siku 42. Zidisha: shilingi 3,360 kabla hujaonja jani moja. Yeye aliacha wiki ya tano, akiwa ametoa 2,800 za maji peke yake. Na hata zingefika, magunia manane yaliyochoka na jua yatakupa labda mafungu mawili ya bob ishirini kwa siku. Unatia 80 utoe 40. Mama mboga wa pale steji anakushinda bei bila hata kujaribu.

Mimi sisemi bustani ni mbaya. Ninayo, naipenda, na nitaeleza. Ninachopinga ni huu uongo tunaouza mitandaoni, mimi nikiwemo, kwamba bustani ya nyumbani ni kitu kimoja popote ulipo, na kwamba ikikufia basi wewe ndiye mvivu. Huku kwetu bustani ina misimu miwili. Miezi mingine ni ya kuwa na maji yako mwenyewe ama kukaa kitako.

Angalia tunakoishi. Nairobi kule Dagoretti wanapata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Sisi tuko kilomita thelathini hivi kusini, chini zaidi, kwenye tambarare za Athi-Kapiti, na tunapata kama nusu ya hiyo. Na hiyo nusu haiji kidogo kidogo. Inakuja mara mbili: masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, na vuli, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Desemba. Aprili na Novemba ndizo zenye nguvu. Katikati hakuna kitu. Wakati huo huo jua na upepo vinavuta maji kutoka kwa udongo na majani mwaka mzima. Siku ya Februari yenye jua kali, mita moja ya mraba ya mboga inaweza kunywa lita tano. Ukijumlisha mwaka mzima, hewa ya huku inaweza kunywa zaidi ya mara tatu ya kile mvua inaleta. Hilo pengo lazima mtu alijaze, na huku mtu huyo ni yule jamaa wa mkokoteni.

Upepo tunausahau sana. Watu wanalaumu jua, lakini mboga nyingi za Kitengela zinauawa na upepo. Hii ni kaunti ambayo watu wameleta mitambo kuvuna upepo, si mchezo: pale Kipeto kuna mitambo 60 ya kuzalisha umeme, megawati 100, ilianza kazi rasmi 2021. Kama upepo unaweza kuwasha taa, unafikiri unafanyia nini gunia la sukuma lililowekwa juu ya paa? Na tunayaweka juu ya paa kwa sababu kwa video yanapendeza.

Mathe alizaliwa Murang'a. Tulihamia huku 2017 nikiwa bado shule, na wiki ya kwanza tu alikuwa ametoboa ardhi na jembe akitafuta pa kupanda. Yeye anajua kilimo kuniliko, hilo silipingi hata kidogo. Lakini kalenda aliyonayo kichwani ni ya Murang'a, kule ambako kati ya masika na vuli kuna umande, kuna ukungu, kuna vijito. Hesabu ya watu ya 2019 iliipa Kitengela watu 154,436. Wengi wetu tulitoka kwingine, kila mtu na kalenda ya kwao: ya Kisii, ya Machakos, ya Kakamega, ya Nyandarua. Tunapanda kwa kumbukumbu ya mvua ya nyumbani kwetu.

Wenye ardhi hii hawakuwa na kalenda kama hiyo. Wamaasai wana jina la msimu wa mvua ndefu, Nkokua, na la mvua fupi, Oltumuret, na maisha yao yalipangwa kuzifuata hizo mvua zinakokwenda. Mvua ikihama, ng'ombe wanahama. Hata nyumbu wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakifanya vivyo hivyo, wanatoka kuja huku tambarare mvua ikinyesha na kurudi kiangazi. Kajiado yenyewe ilipata jina kutoka Olkejuado, mto mrefu, na ukienda kuuangalia huo mto mwezi wa Septemba utaona changarawe. Sisi tumekuja na ploti ya hamsini kwa mia, ukuta wa mawe na geti. Hatuhami. Tunataka mvua itufuate nyumbani.

Nakumbuka venye hii kitu ilianza kutuvutia wengi. Mwisho wa 2019 vuli ilinyesha sana, moja ya zile kubwa kabisa, na masika ya 2020 nayo yakaja na nguvu. Halafu korona. Watu wako nyumbani, kazi hakuna, na wizara ya kilimo ikazindua kampeni ya bustani milioni moja za nyumbani. Wazo zuri kabisa. Mathe alipanda, jirani akapanda, hata yule jamaa wa boda wa kona alikuwa na dhania kwa kopo la rangi. Udongo ulikuwa umeshiba maji. Kila mtu alijiona ana mkono wa kijani.

Kisha vuli ya 2020 ikakataa. Masika ya 2021 yakakataa. Vuli ya 2021, masika ya 2022, vuli ya 2022. Misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 rais akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Huko Kajiado ya ndani watu walipoteza ng'ombe kwa makundi, mizoga ilikuwa kando ya barabara, na Amboseli wanyama walikufa. Mimi kulia juu ya sukuma mbele ya hayo ni aibu kidogo, najua. Lakini nataka uone mpangilio: kizazi chote cha watu wa bustani za mjini kilijifunza kupanda katika mwaka wa maji mengi, kikafikiri huo ndio mwaka wa kawaida. Kiangazi kilipokuja tukasema tatizo ni mbegu.

Mathe aliacha 2022. Siku moja tu alichukua yale maji ya kusuuza nguo aliyokuwa akiyaweka kwa spinachi, akayamwaga chooni. Nilimuuliza mbona. Akasema, "Choo pia kinataka maji." Hakupanda tena mpaka mvua ya El Niño ya 2023.

Na hiyo nayo ikaja kama inadai deni. Vuli ya 2023 ilinyesha, masika ya 2024 yakanyesha zaidi, na ikifika mwisho wa Aprili na kuingia Mei, Msalaba Mwekundu walikuwa wanaokoa watu waliozingirwa na maji hapa hapa Kitengela. Bustani yetu haikubebwa. Ilizama tu. Huu udongo wetu mweusi, ule mafundi wa mjengo wanauita black cotton na wanauondoa kwanza kabla ya kuweka msingi, ukipata maji unavimba na kufunga. Hewa haipiti. Sukuma iligeuka njano ikiwa imesimama ndani ya maji, mizizi inaoza, na juu yake mvua bado. Ukikauka nao unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono, na ukipasuka unakata mizizi kama kamba. Kwa hivyo ndani ya miaka miwili nimeona mboga ileile ikifa kwa kiu na ikifa kwa kuzama, mahali palepale, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni.

Hapo ndipo watu huniambia, "Si uchote tu maji ya kisima?" Sawa. Tuongee juu ya maji ya kisima.

Kama umeishi huku unajua ladha yake. Sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Maji mengi ya visima virefu vya Kajiado yana chumvi, na sehemu nyingi yana floraidi nyingi pia, ndiyo inayobadilisha meno ya watoto wanaokua wakiyanywa. Sasa yatie kwa gunia kila siku, miezi miwili, bila tone la mvua. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Siku inayofuata unaongeza nyingine. Baada ya muda unaona ule unga mweupe juu ya udongo, na ncha za majani zinaanza kuungua kama zimepitishwa kwa jiko. Mtu anafikiri ni kiu, anaongeza maji yaleyale.

Mboga hazilingani hapo. Maharagwe hayavumilii chumvi hata kidogo, stroberi vilevile, na nimeona watu wakiuziwa miche ya stroberi huku kwa bei ambayo sitaitaja. Spinachi na viazisukari, yaani zile bitiruti, zinavumilia vizuri zaidi. Sukuma iko katikati. Hii siyo siri, iko kwa vitabu vya kilimo, lakini mimi nilikuwa na miaka miwili ya video kabla sijaijua.

Ndio maana mvua haiwezi kubadilishwa na mtungi, hata kama lita ni zilezile. Mvua nzuri ya Novemba haileti maji tu. Inaosha udongo, inasukuma ile chumvi iende chini mizizi isikofika. Gunia lililopata mvua tatu kubwa linaanza upya. Gunia ambalo limeona kisima peke yake linazeeka.

Basi nitasema maoni yangu yenyewe, na najua kuna watu hayatawafurahisha. Tatizo la bustani za Kitengela si udongo, si mbegu, na si uvivu. Ni paa. Na paa si letu.

Hesabu ni rahisi mno, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ndogo yenye bati la mita za mraba 60, jioni moja ya Aprili ikishuka milimita 30, ni lita 1,800. Toa zinazoruka na kuvuja, ubaki na kama 1,440. Hiyo ni mitungi 72. Jioni moja! Kwa bei ya yule mama wa Yukos ni shilingi 1,440 zimeanguka kutoka mbinguni na kupita mlangoni kwake.

Ploti ninayoishi ina nyumba kumi na mbili kwa mstari, bati refu kama mita za mraba 200. Haina hata futi moja ya gata. Mvua ikinyesha, maji yanaanguka ukutani, yanachimba mtaro mbele ya milango, yanabeba viatu vya watoto, yanaenda barabarani na kufanya lile tope ambalo boda anakataa kuliingia. Ni lita elfu sita kwa mvua moja nzuri. Kesho yake asubuhi sisi wote kumi na wawili tuko kwa foleni na mitungi.

Nilimwendea landilodi mwaka juzi. Nilimwambia, "Mzee, wapangaji tumekubali kuchanga ya gata na tanki la lita elfu tano. Yatabaki kuwa yako hata tukihama." Alinisikiliza vizuri kabisa, hana ubaya. Kisha akasema, "Kijana, leo ni tanki, kesho mtaniambia niwatengenezee shamba." Na ukimwelewa, unamwelewa. Maji ya kisima anatuuzia yeye.

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu aliniruhusu upande mmoja, nyumba tatu za mwisho, ukiwemo wangu. Tulinunua gata za bati, tukazifunga na waya, tukatafuta pipa mbili za lita 210 za kiwandani zilizooshwa, maana pesa ya tanki haikutosha. Vuli iliyopita zilijaa usiku wa kwanza, na tukakaa tukiangalia maji yakifurika juu yake yakienda zake. Hiyo picha bado inaniuma. Pipa mbili ni magunia manane kwa siku tano.

Ninachotaka ni hiki: nyumba ya kupangisha huku isihesabiwe imekwisha kama haina gata, vile haihesabiwi imekwisha kama haina mlango. Kaunti inakagua ramani za majengo, inataka choo kiko wapi na dirisha lina ukubwa gani. Kaunti yenye mvua kidogo hivi, na mafuriko mabaya hivi mvua ikija, ingeweka gata na tanki kwa ile ramani kabla ya kupiga muhuri. Na sisi wapangaji tuulize tunapoenda kuangalia keja. Tunauliza maji yanakuja siku gani, tunauliza tokeni ya stima, tunauliza kama intaneti imefika. Hakuna anayeinua macho kuangalia paa.

Najua maoni yatakayokuja hapa chini. Kuna yule atasema, "Mbona Kimana wanalima nyanya mwaka mzima, na hiyo ni Kajiado pia?" Ndugu yangu, Kimana na Loitokitok wana chemchemi zinazotoka Kilimanjaro. Mlima unawawekea maji. Kaunti ni moja, lakini mvua ya miteremko ya Kilimanjaro na Ngong si ya Amboseli wala si ya Isinya. Mwingine ataleta mashamba ya maua ya Isinya. Hayo yako ndani ya plastiki, yana mipira ya matone, yana mashine, na mtu analipwa kupima maji kila asubuhi. Hawaishi katika hali ya hewa yetu, wameilipa ikae nje.

Na utabiri je? Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, na wa masika pia, na kuna wa kaunti. Usomeni, lakini muusome kwa akili ya huku. Wakisema mvua "juu ya wastani", uliza wastani wa wapi. Juu ya wastani ya Kajiado bado ni chini ya wastani ya Kericho. Halafu utabiri wa msimu unakuambia jumla, haukuambii kama jumla hiyo itakuja kwa siku thelathini au kwa siku sita. Mche wa sukuma haunywi jumla. Unakunywa Jumanne.

Kuna kitu kimoja nimejifunza kukiangalia, nacho ni Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inakuwa nzito, kama 2019 na 2023. Ikigeuka, na hasa ikiwa ile La Niña ya Pasifiki ipo, tunakauka, kama hiyo miaka ya 2020 mpaka 2022. Wakitaja hayo maneno kwa habari Septemba, usibadilishe chaneli. Mimi nikisikia La Niña napunguza magunia kuwa matatu na sioni aibu.

Kwa hivyo nafanya nini sasa? Nitasema kwa ufupi, kwa sababu sitaki hii igeuke kuwa somo.

Vuli ni fupi, kwa hivyo napanda vitu vifupi. Kunde na terere zinakupa majani ndani ya wiki tatu, nne. Managu inafuata. Mvua ikikatika ghafla mwanzo wa Desemba, nimeshakula. Sukuma naanza kitalu mapema, chini ya kivuli, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Machi, kiasi cha kopo moja la maji kwa siku, ili mvua ikishuka kweli miche iwe tayari kuingia ardhini siku hiyo. Nasema ikishuka kweli. Ile mvua ya kwanza ya kutoa harufu ya vumbi si mvua, imeshawaua wengi. Ngoja ya pili. Chimba, uone kama udongo umelowa mpaka kiasi cha kiganja kizima.

Nimeacha paa. Mboga ziko upande wa ukuta usio na upepo, kwenye matuta yaliyoinuliwa na mbolea ya boma, ambayo ndiyo utajiri pekee wa kilimo tunaowashinda watu wa Kiambu. Juu naweka nyasi kavu. Hiyo nyasi peke yake imenipunguzia mitungi kuliko kitu kingine chochote.

Na Julai nimeipenda. Watu huichukia kwa ile baridi yake na wingu la siku nzima, lakini mvua isiponyesha, angalau mboga hazinywi sana. Sukuma ya Aprili ikisimama vizuri, na pipa zikiwa zimejaa Mei, unaweza kuivusha mpaka Agosti kwa maji machache. Miezi inayoua ni Septemba hadi vuli ianze, na Januari hadi masika. Januari mimi sipandi kitu. Nanunua kwa mama mboga wa steji, anayetoa mboga yake kokote anakoitoa, na nampa ishirini yake na heshima.

Tatizo la kuwa hivi, kama mtu wa kontenti, ni kwamba Januari sina kitu cha kuwaonyesha. Ukurasa unalala. Nimejaribu kupiga picha ya matuta matupu yaliyofunikwa na nyasi, watu kumi na nane wakaipenda, mmoja wao ni mathe. Kuna siku nafikiria kurekodi tena video kumi Novemba nizitoe polepole kiangazi kizima. Najua wengine wanafanya. Ukiona mtu wa huku anakuonyesha kijani kibichi Februari, muulize maji ni ya nani na yanamgharimu ngapi.

Ile video ya magunia sijaifuta. Nimeweka maandishi makubwa juu yake: ilirekodiwa Desemba, usiifuate Januari. Tangu niyaweke, haipandi tena.

Na juzi nilimwandikia yule mama wa Yukos. Nilimwambia ukweli wote, wa Desemba, wa zangu kufa kabla ya zake, na nikamwambia niko tayari kurudisha angalau zile mia tano za miche na mbolea. Alikaa siku mbili bila kujibu. Nikajua nimemaliza kazi. Kisha akaandika: "Pesa kaa nazo. Hiyo gata unasema inafungwa aje?"

Nyumba ni yake, bati ni lake, kumbe hakuna wa kumwomba ruhusa. Jumamosi naenda na vipande viwili vya gata vya futi kumi, waya, na mbegu za kunde na terere. Ana pipa moja la bluu ambalo amekuwa akiwekea makaa. Amesema ataliosha.